Namna ya Kumfanya Mfanyakazi Ayabebe Matokeo ya Kazi Yake: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Uganda

Wasimamizi wengi nchini Uganda, wawe wa ghala la mizigo Malaba, wa kituo cha kuoshea kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wa duka la jumla Kampala au wa ofisi ya wilaya, wana lalamiko moja: wafanyakazi wao hufanya walichoagizwa na kuishia hapo. Lori likifika mkuu akiwa safarini, hukaa getini mpaka arudi. Mvua ikianza kunyesha kahawa ikiwa imeanikwa, watu hutazamana mpaka mmoja wao aitwe jina na kuamriwa afunike. Lawama huangushiwa tabia, na husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawajali mali ya mtu. Naamini kwamba mara nyingi chanzo kiko katika namna kazi yenyewe ilivyogawanywa, kwa sababu mtu hawezi kuyabeba matokeo asiyo na uwezo wa kuyabadilisha, na katika sehemu nyingi mfanyakazi ameachiwa lawama huku uamuzi wote ukibaki mezani kwa mkubwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhamisha sehemu ya uamuzi huo hatua kwa hatua bila kuiacha kazi iende ovyo. Ni vyema kuanza na mtu mmoja na eneo moja la kazi, kisha kupanua baada ya miezi miwili au mitatu, kuliko kuitisha mkutano wa wafanyakazi wote na kuwatangazia kwamba kuanzia leo kila mtu awajibike.

Hatua ya kwanza: andika maswali yote unayoletewa kwa wiki moja

Chukua daftari dogo, na kila mfanyakazi anapokujia au kukupigia simu kuomba uamuzi, andika aliyeuliza, alichouliza na ulichomjibu. Usijaribu kubadilisha chochote wiki hiyo, andika tu. Mwisho wa wiki pitia orodha na uweke alama kwenye kila swali ambalo muulizaji angeweza kulijibu mwenyewe kama angeruhusiwa, au kama angepewa taarifa uliyonayo wewe.

Wasimamizi wanaofanya zoezi hili kwa uaminifu hushangazwa na wingi wa alama. Karani ameuliza kama anunue wino wa mashine ya kuchapisha. Dereva ameuliza kama abadilishe tairi lililokwisha. Mhudumu wa mapokezi ameuliza kama amrudishie fedha mteja aliyelipa mara mbili, ingawa risiti mbili ziko mbele yake. Kila swali la namna hii linaonyesha mahali ambapo mfanyakazi amejifunza kwamba kuamua ni hatari na kuuliza ni salama, na mara nyingi amejifunza hivyo kwa kumtazama mwenzake aliyeamua akakaripiwa mbele ya watu. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia, kwa hiyo usiitupe.

Hatua ya pili: taja matokeo, na umtaje mtu mmoja

Maelezo mengi ya kazi huorodhesha shughuli: kupokea bidhaa, kuandika daftari, kufagia stoo, kutunza funguo. Mtu anaweza kuzifanya shughuli hizo zote kila siku na bado mali ikapotea, naye akawa na haki ya kusema kwamba kazi aliyoandikiwa ameimaliza. Badala yake andika hali inayopaswa kuonekana kazi ikiwa imefanyika vizuri. Kwa mtunza stoo, andika kwamba kila Jumamosi jioni idadi iliyo kwenye daftari ilingane na idadi iliyo rafuni, na kwamba tofauti yoyote iwe imeelezwa kwa maandishi kabla ya Jumatatu.

Kituo cha kuoshea kahawa ni mfano mzuri kwa sababu matokeo yake yanapimika. Matunda yaliyoiva ya kahawa ya arabika yanapaswa kumenywa siku ileile yalipochumwa. Baada ya hapo buni huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja mpaka unyevu wake ushuke kufikia takriban asilimia 12. Kahawa ikiwekwa kwenye magunia kabla ya kufika hapo huota ukungu. Ikikaushwa kupita kiasi hupoteza uzito na huvunjika kinuni. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi cha ukaushaji asiambiwe tu kwamba kazi yake ni kugeuza kahawa kila baada ya muda fulani. Aambiwe kwamba kila gunia linalotoka kwenye vichanja vyake linatakiwa liwe na unyevu uliokubaliwa, bila harufu ya uchachu na bila kahawa iliyolowa mvua. Kugeuza, kufunika mchana jua linapozidi na kuhamisha kichanja ni njia za kufikia hapo, na yeye ndiye atakayejua lini kila njia inahitajika.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kwamba kila tokeo liwe na mtu mmoja anayelibeba, hata kama watu kumi wanalifanyia kazi, kwa maana kazi iliyokabidhiwa kwa wote huishia kwa kila mmoja kumtegemea mwenzake. La pili, linalosahauliwa zaidi, ni kwamba matokeo hayo yawe ndani ya uwezo wa huyo mtu. Kiongozi wa ukaushaji hawezi kubebeshwa bei ya kahawa katika soko la dunia wala mvua ya alasiri. Anaweza kubebeshwa kufunikwa kwa kahawa kabla haijalowa. Vivyo hivyo, mhudumu wa stoo ya dawa katika kituo cha afya cha serikali hana la kufanya shehena kutoka National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, inapochelewa, lakini anaweza kubeba usahihi wa kadi za dawa pamoja na jukumu la kutoa taarifa mapema kuhusu dawa zinazokaribia kuisha, ili kituo kiombe msaada kwa kituo jirani kabla wagonjwa hawajaanza kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya tatu: andika mamlaka na mipaka yake kwenye ukurasa mmoja

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu inamgusa msimamizi mwenyewe. Rudi kwenye orodha yako ya wiki ya kwanza na ugawe maamuzi katika mafungu matatu: yale ambayo mfanyakazi ataamua peke yake bila kumwambia mtu, yale atakayoamua kisha akakujulisha siku hiyohiyo, na yale ambayo lazima akuulize kwanza. Yaandike kwa maneno mepesi na kwa kiasi cha fedha kinachotajwa wazi. Kwa mfano, kiongozi wa ukaushaji anaweza kuruhusiwa kutumia hadi shilingi 50,000 kwa wiki kununua kamba, turubai au kulipa kibarua wa nusu siku. Kuanzia hapo hadi shilingi 150,000 atumie kisha akujulishe kabla ya jua kutua. Zaidi ya hapo aulize. Kiasi hicho ni mfano tu, nawe utaweka kile ambacho kituo chako kinaweza kukipoteza bila kuyumba, maana ni lazima ukubali kwamba siku moja kitapotea. Ukiona huwezi kuandika chochote katika fungu la kwanza, basi bado hujawa tayari kudai uwajibikaji, na ni heri usubiri.

Kisha watangazie watu wengine ukurasa huo. Mamlaka ambayo wenzake hawayajui hayamsaidii mtu. Mlinzi wa geti atakataa kulifungulia lori kwa amri ya karani ikiwa hajaambiwa kwamba karani sasa ana ruhusa hiyo. Katika biashara za kifamilia, ambazo ni nyingi nchini kwetu, kuna jambo jingine linalohitaji ujasiri. Ndugu wa mwenye mali huja kazini, akachukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa, akampangia dereva safari nyingine au akabadilisha zamu, na hakuna mfanyakazi anayethubutu kumzuia. Mahali pa namna hiyo hakuna mtunza stoo atakayebeba hesabu ya stoo kwa moyo, hata akilipwa vizuri, kwa kuwa anajua kwamba rafu yake ina mlango wa pili usio na ufunguo. Mwenye mali aseme mbele ya ndugu huyo na mbele ya mtunza stoo kwamba hakuna kinachotoka bila saini, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kutia saini anapochukua.

Hatua ya nne: zungumza mpaka uhakikishe kwamba mmeelewana

Katika sehemu nyingi za Uganda mfanyakazi aliyelelewa vizuri humjibu mkubwa wake “ndiyo, ssebo” au “ndiyo, nnyabo” kwa heshima, awe ameelewa au hakuelewa, amekubali au ana shaka. Heshima hiyo ni jambo jema, lakini msimamizi anayeichukua kuwa makubaliano atajikuta ameachwa peke yake mwisho wa mwezi. Lugha nayo huongeza ugumu, kwa sababu kikundi kimoja kinaweza kuwa na wasemaji wa Lugisu, Kiteso, Kiganda na Kilugbara, ilhali maelezo ya kazi yameandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Kwenye maghala ya mipakani na katika miji kama Arua, Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowakutanisha watu hao, basi kitumike, na ukurasa wa mamlaka uandikwe kwa lugha ambayo mhusika anaitumia akiwa kazini.

Mkae mahali pasipo na wasikilizaji, kwa muda wa kutosha. Badala ya kumwuliza kama ameelewa, mwombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini siku mambo yakiharibika. Mazungumzo kati ya msimamizi kijana na kiongozi wa ukaushaji aliyemzidi umri yanaweza kuwa hivi:

“Mzee, tuseme ni Jumapili, mimi niko kijijini na simu haipatikani. Kahawa ya juzi iko vichanjani na turubai mbili zimechanika. Utafanyaje?”

“Nitakupigia tena.”

“Sipatikani mpaka jioni, mzee.”

“Hapo basi nitanunua turubai kwa ile pesa ya wiki. Lakini dukani wakinidai zaidi ya pesa hiyo?”

Swali hilo la mwisho ndilo ulilokuwa unalitafuta. Limeonyesha mahali ambapo ukurasa wenu una pengo, na mnaweza kuliziba palepale kabla halijawagharimu. Maliza kwa kumwuliza ni kitu gani anachoona kitamzuia kufikia matokeo hayo, kisha unyamaze umsubiri, hata ukimya ukiwa mrefu. Akitaja mizani iliyoharibika, mwenzake mwenye chuki au mshahara unaochelewa, liandike na umwambie lini utamjibu.

Hatua ya tano: mpe macho ya kuona anakoelekea

Mtu anayesubiri kuambiwa na mkubwa kama amefanya vizuri ataendelea kumtazama mkubwa. Anayeona kipimo mwenyewe ataitazama kazi. Kwa hiyo kipima unyevu kikae kwa kikundi cha ukaushaji, si kwenye kabati la meneja, na matokeo yaandikwe kwenye ubao ulio karibu na vichanja na yule aliyepima. Mhudumu wa duka aone mauzo na upungufu wa kila jioni, na dereva aone lita za mafuta alizotumia kwa safari yake akilinganisha na safari zake zilizotangulia. Wenye biashara wengi wanaogopa kwamba mfanyakazi akijua mauzo atadai nyongeza ya mshahara. Huenda akadai, na mtazungumza. Lakini ukimficha takwimu zote huna haki ya kumlaumu kwa kutojali takwimu hizo.

Wengi siku hizi hutumia kundi la WhatsApp kutuma taarifa hizi. Ni njia nzuri kwa masharti mawili. Kundi lisitumike kumkaripia mtu mbele ya wenzake, na mwajiri agharamie bando, kwa sababu tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini inatozwa ushuru wa asilimia 12, na si haki mtu wa kipato kidogo alipie mwenyewe gharama ya kukupa taarifa zako.

Hatua ya sita: usiuchukue tena mzigo ulioukabidhi

Wiki za mwanzo mfanyakazi atakujia na maswali yaleyale ya zamani. Mfunulie ukurasa, mwonyeshe kwamba jambo hilo liko katika fungu la kwanza, na umwulize yeye anaonaje. Akitoa jibu lenye mantiki, hata kama wewe ungefanya vingine, mwambie aendelee. Hapa ndipo wasimamizi wengi hushindwa, kwa kuwa kujibu swali huchukua dakika moja na kusubiri mtu afikiri huchukua kumi, na wakati huohuo kazi inadai. Vumilia. Kila mara unapoamua kwa niaba yake unamfundisha upya kwamba ukurasa ule ulikuwa karatasi tu.

Kisha kosa litatokea, na namna utakavyolipokea ndiyo itakayoamua kama wengine watathubutu kubeba chochote. Tenganisha mambo matatu. Kuna uamuzi uliofanywa ndani ya mipaka, kwa nia njema na kwa taarifa zilizokuwepo, ambao haukuzaa matunda. Huo uzungumzwe, funzo liandikwe, na mtu asiadhibiwe. Kuna uzembe, yaani kutofanya lililokubaliwa bila sababu. Huo una onyo lake. Na kuna wizi, ambao ni suala la nidhamu na hata la polisi. Anayeyachanganya haya matatu na kuyapokea kwa hasira moja huvuna wafanyakazi wanaoficha makosa madogo mpaka yakomae.

Niseme wazi kuhusu desturi moja iliyoenea katika vituo vya mafuta, maduka makubwa na mikahawa: upungufu wowote unapoonekana, hukatwa kwenye mishahara ya wote waliokuwa zamu. Wenye biashara huiita njia ya kuwafanya watu wawajibike. Kwa kweli huwafundisha watu kulipiana makosa, kutiliana shaka na kutafuta namna ya kufidia walichokatwa, na aliyekuwa mwaminifu hujiona mjinga. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka kuhusu makato yanayoweza kufanywa kwenye mshahara, kwa hiyo mwajiri anayekata kwa hasira anaweza kujikuta akijieleza mbele ya afisa wa kazi. Palipo na upungufu, tafuta kwanza ulikotokea: mizani, makabidhiano ya zamu, funguo zilizo mikononi mwa watu watatu. Makabidhiano ya zamu yaliyohesabiwa na kutiwa saini na wote wawili huzuia upotevu zaidi kuliko makato ya mwezi mzima.

Hatua ya saba: kikao kifupi kila wiki

Tangu mwaka 2009 serikali ya Uganda imekuwa ikiendesha mabaraza ambamo maafisa husimama mbele ya wananchi na kueleza fedha walizopokea, kilichofanyika na kilichokwama. Mpangilio huo unaweza kutumika katika sehemu yoyote ya kazi kwa dakika ishirini: anayebeba matokeo ndiye anayesema, si msimamizi, naye aeleze walitarajia nini, wamepata nini, nini kimezuia na atafanya nini wiki ijayo. Msimamizi aulize na aahidi anachoweza. Tathmini ya mwaka, ambayo katika utumishi wa umma huja mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, haiwezi kuchukua nafasi ya kikao hiki, kwani mwezi Juni hakuna awezaye kurekebisha kosa la Septemba.

Hatua ya nane: lipa kwa wakati, na usigeuze uwajibikaji kuwa saa za bure

Bakshishi ya matokeo mazuri inafaa ikiwa imefungwa kwenye jambo ambalo mtu analibadilisha mwenyewe, na ikiwa kanuni yake inajulikana kabla ya kazi kuanza. Ila hakuna bakshishi inayoponya mshahara unaochelewa.

Kuna hatari ambayo lazima itajwe. Mfanyakazi anayeipenda kazi yake huanza kuja mapema na kuondoka usiku, na mwajiri hufurahi na kuzoea. Sheria ya Ajira inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida katika siku za kazi na mara mbili katika sikukuu. Wakati wa msimu wa kahawa saa za ziada haziepukiki, hivyo zipangwe, ziandikwe na zilipwe. Kumwomba mtu abebe matokeo huku ukimnyima malipo ya saa zake ni kumtwika mzigo wako, na atakapochoka hutampata mwingine wa kumrithi kwa hiari.

Hatua ya tisa: asiyefikia matokeo baada ya yote hayo

Kabla ya kumhukumu, pitia ukurasa wenu na ujiulize kama matokeo yalitajwa wazi, kama mamlaka aliyopewa yaliheshimiwa na wengine, kama alipata vipimo kwa wakati na kama vikwazo alivyovitaja viliondolewa. Jibu likiwa hapana katika lolote kati ya hayo, anza kurekebisha hapo na umpe muda mwingine. Likiwa ndiyo kote, mweleze kwa maandishi upungufu wake, msaada utakaompa na tarehe mtakayoangalia tena. Wengine katika hatua hii huonekana kuwa hodari katika kazi nyingine, na kuwahamisha ni bora kuliko kuwapoteza.

Ikibidi kufikiria kumwachisha kazi, sheria inakutaka, kabla hujafikia uamuzi, umweleze sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, umruhusu awe na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe, umpe muda wa kutosha wa kujiandaa, na usikilize yale ambayo yeye na huyo mwenzake watasema. Daftari la vikao vya wiki litakuwa na msaada mkubwa kwa pande zote mbili siku hiyo, kwa sababu litaonyesha kilichoahidiwa na nani, na lini. Anayekuja kuchukua nafasi hiyo asikabidhiwe ukurasa wa mamlaka wa aliyeondoka kama ulivyo. Mkae naye wiki ya kwanza muuandike upya, mkianza na fungu la maamuzi atakayofanya peke yake na kiasi cha fedha kinachoendana nayo, kisha mlinzi wa geti, karani na ndugu wa mwenye mali waambiwe jina lake.